Maua Zako, Ukuta Yangu

Bi Mahbouba alitia udhu wa alasiri juu ya beseni, kama alivyozoea tangu maji ya mfereji yapungue upande wake. Akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, akatoa shahada, kisha akalibeba beseni mpaka pembeni mwa uwani akayamimina yale maji kidogo kidogo kwenye shina la mwasumini wake.

Ilikuwa Novemba. Joto limeshavunjika, tende zimekwisha kutiwa magunia, na kila mwanamke wa Birkat al Mauz mwenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba alikuwa na kitu kinachochanua. Huyu waridi, yule maua ya manjano ya kwenye makopo, na Bi Shukriya, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa na ule mti wa miba wenye maua ya zambarau, umepanda mpaka umelifunika tangi la maji la mumewe.

Mwasumini wa Bi Mahbouba ulikuwa na majani tu. Alikuwa ameujengea chanja kwa makuti ya mtende, ameuwekea samadi ya mbuzi, ameukinga na jua la Agosti kwa kanga kuukuu. Aliinama akayafunua majani moja moja, kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Hapana hata tumba moja. Akasimama, mkono kiunoni, na hapo ndipo harufu ilipomjia.

Haikuwa marashi wala sabuni. Ilikuwa asumini ya kwao Mtendeni, ile ya petali mbili mbili, mchana imefumba kama ngumi na magharibi hufumbua. Bi Mahbouba angeijua hata kaburini. Nayo ilitoka upande wa pili wa ukuta.

Upande wa pili wa ukuta akikaa Wadha, mke mwenzake.

*

Bi Mahbouba alikuja Oman mwaka wa sabini na mbili, pamoja na mumewe Bwana Hilali na binti yao Aliya, aliyekuwa bado hajaota meno ya mbele ya pili. Katika mizigo yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kitawi cha mwasumini wa mamake kimefungwa kitambaa kibichi. Bwana Hilali alipata kazi katika bohari ya serikali Nizwa, akapata na nyumba ya marehemu babake hapa Birkat al Mauz, pamoja na fungu lake la maji katika falaji, mfereji unaoshuka kutoka mlimani na kunywesha migomba na mitende ya kijiji kizima. Kitawi kikashika. Kila mwaka, wakati wenzake wanahangaika na makopo yao, Bi Mahbouba alikuwa akigawa asumini kwa sahani, na watu wa mtaa wakisema yule mama wa Zinjibar ana mkono mzuri.

Kisha Bwana Hilali akamwoa Wadha, binti wa ami yake, mzaliwa wa hapa hapa, hajavuka bahari hata mara moja. Bi Mahbouba hakugomba. Sheria imeruhusu, naye hakuwa mwanamke wa kuibishia sheria. Alichomwomba Mungu ni kimoja tu, kilicho chake kiwe chake.

Na mwanzo ilikuwa hivyo. Bwana Hilali alimwita Marzouq, fundi wa ujenzi, akajenga ukuta wa matofali ya saruji katikati ya uwani, kila mke akapata chumba chake, jiko lake na mlango wake wa njiani. Mchele aliugawa kwa kibaba. Usiku aliugawa kwa zamu, leo huku, kesho kule. Na maji ya falaji, ambayo fungu la nyumba ile lilifika Jumatatu alasiri, yakawa wiki hii ya Mahbouba, wiki ijayo ya Wadha. Zamu ya mume na zamu ya maji, zote zilikwenda sawa, na Bi Mahbouba akalala usingizi.

Mwaka ule, tangu masika, maji yakawa hayaji. Jumatatu yake ikifika huondoa kitambaa na jiwe kwenye tundu la mfereji, akangoja, pakapita ulimi mwembamba wa maji, kisha basi. Bwana Hilali akamwambia falaji imepungua mwaka huu, watu wote wanalia. Bi Mahbouba akaanza kutumia maji ya udhu.

*

Asubuhi ya pili Bi Shukriya alikuja kuazima kinu, akakaa, akanywa kahawa, akaeleza kwamba maua yametoka kwenye ukuta wa Wadha. Hapana mti, alisema, hapana tawi wala jani. Yametoka kwenye saruji yenyewe, kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, meupe pepepe. Aliyasema haya kwa sauti ile ile aliyoeleza kwamba papa aliyetoka Sur wiki hii hakukaushwa vizuri.

"Na nyuma ya ukuta ule ndiyo kwako, shoga," akasema. "Hujaona kitu?"

"Mimi naona matofali," Bi Mahbouba akamjibu.

Wanawake wa mtaa wakenda kutazama. Wakakaa kwenye mkeka wa Wadha, wakala tende, wakauliza saruji ilinunuliwa wapi. Wawili watatu wakatuma kwa Marzouq wapate kuta kama ile. Marzouq akaja mwenyewe, akakwaruza lipu kwa ukucha, akasema ni mchanganyiko wa kawaida, haukuzidi wala haukupungua. Akamuusia Wadha asiutie ukuta maji, lipu itabambuka. Kisha akachuma maua mawili kumpelekea mamake, akenda zake kazini.

Bi Mahbouba akabaki na mti wake. Alijaribu mambo mengine. Alipanda rehani kwenye makopo ya samli, akayaweka penye kivuli; rehani ikaota kizingitini kwa Wadha, kwenye ufa wa sakafu. Akayahamisha makopo mpaka karibu na jiko. Wadha akaamka akakuta rehani jikoni kwake, kando ya mafiga. Akachomeka mchaichai, na wiki haikuisha Bi Shukriya akaja kumsifia chai aliyokunywa kwa mwenzake, ya mchaichai ulioota kuzunguka mtungi. Makopo yake Bi Mahbouba yalibaki na udongo mzuri, mweusi, uliopepetwa.

Kilichomkera zaidi si maua. Ni kwamba siku moja akitoka kununua mafuta ya taa alimsikia mwanamke akimwambia mwenziwe kwamba yule mke mdogo wa Hilali ana mkono mzuri. Yalikuwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kama kanga iliyovuliwa mwilini mwake ikavikwa mwengine. Alirudi nyumbani bila ya mafuta. Alisali magharibi akasahau ni rakaa ya ngapi, ikambidi asujudu sijida ya kusahau. Isha pia. Kwa muda mrefu hapakuwa na sala aliyoisali pasina sijida mbili za ziada.

Usiku wa zamu yake, Bwana Hilali aliingia akavua kofia akaitundika msumarini. Alinukia asumini, yeye mzima, ndevu, kanzu na kofia.

"Umepita wapi, Baba Aliya?"

"Msikitini," akasema, akavuta sahani ya wali.

Bi Mahbouba aliujua msikiti ule. Ulikuwa na mkunazi mmoja tu.

*

Yote hayo angeyameza, lau si harusi. Aliya alikuwa ameposwa na kijana wa Ibra, wazee wake nao watu wa Unguja, na siku ilikwisha kuwekwa: Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Na kwa watu wale mila ilikuwa moja, nayo haina mjadala. Bibi arusi havishwi asumini ya kununua wala ya kuomba. Mamake huchuma kwenye mti wake, akatunga kwa uzi na sindano yake, akafunga na kikuba, kile kishada cha asumini na rehani anachochomeka mwanamke kifuani aende nacho kwa mumewe. Hivyo ndivyo mamake Bi Mahbouba alivyomfanyia yeye Mtendeni. Watakuja wanawake kutoka Nizwa, Ibra, Sur, Maskati. Watambusu bibi arusi, watainama wanuse, kisha wataulizana lile swali wanalouliza siku zote: asumini ya wapi hii?

Na mti wa Bi Mahbouba haukuwa na tumba.

Aliwaza kwamba mti ukipata maji ya haki utachanua upande wake. Kwa hiyo Jumatatu, baada ya adhuhuri, alivaa buibui akenda kwa mzee Marhoun, arifu wa falaji, aliyekaa siku zote penye mgawanyo wa mfereji na saa yake ya mfukoni, akimfungulia huyu na kumfungia yule. Kiarabu cha Bi Mahbouba kilikuwa cha msahafu. Kile cha kijijini alikisikia kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Lakini siku ile alikwenda amejitayarisha, maneno ameyapanga, akamuuliza mzee kwa nini maji yamepungua.

Mzee Marhoun akamtazama. Maji hayajapungua, alisema, falaji mwaka huu imejaa kuliko mwaka jana. Maji ya Jumatatu ya Bi Mahbouba yanakwenda kwa Wadha kwa sababu mwenyewe alimpa.

"Mimi?"

"Ulimpa dor yako, mbele yangu na mbele ya Marzouq. Nilikuombea dua."

Hapo Bi Mahbouba akakumbuka. Ilikuwa masika, alasiri, wanaume wamekaa kwenye baraza yao, Bwana Hilali akamwita mlangoni. Mzee Marhoun akamuuliza kitu, na katika kile kitu yeye alilishika neno moja, dari. Alifikiri anaulizwa kama atamwachia Wadha dari yake, kule juu ya paa. Chumba cha Wadha kilikuwa bado hakina ngazi, na ulikuwa wakati wa kuanika ndimu. Akajibu naam, amwachie, nafasi ipo ya kutosha, sisi ni watu wa nyumba moja. Mzee akasema Mungu akujazi, wanawake kama wewe ni wachache. Yeye aliona dua ile ni kubwa kwa ndimu chache. Siku ile ile alipanda juu akaifagia dari, akaipiga maji, akangoja. Wadha hakuja na ndimu.

Kumbe dor ni zamu. Lugha ya watu, zamu ni dor.

"Nirudishiwe," akasema.

Mzee Marhoun hakuwa mtu mbaya. Akamfahamisha taratibu, kama anavyofahamishwa mgeni, kwamba kilichotolewa mbele ya mashahidi hurudi kwa ridhaa ya aliyepewa na kwa ulimi wa mume wao. Yeye kazi yake ni kufungua na kufunga. Kisha Bi Mahbouba akamuuliza kuhusu maua. Mzee akaitazama saa yake, akainama akazibua tundu la bustani ya mtu mwengine.

"Maua yanafuata maji," akasema. "Ulitaka yaende wapi?"

*

Bwana Hilali alimkuta amekaa juu ya kigoda, mbele ya mti.

"Ulijua nasema dari," Bi Mahbouba akamwambia.

Bwana Hilali alizaliwa Malindi ya Unguja, akasoma huko, akarudi huku; zote mbili, dari na dor, alizijua tangu utotoni. Alivua viatu, akavipanga.

"Nilijua umekubali."

"Si ungenisahihisha."

"Mbele za watu? Nikuaibishe?"

Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa wa kweli. Akaeleza kwamba Wadha ni mgeni wa ndoa, hana mtoto, hana kitu cha kumliwaza, na Mahbouba ni mtu mzima, amepata kila kitu. Mwakani, inshallah, watatazama. Bi Mahbouba akamuuliza, na harusi ya Aliya? Akasema asumini zipo nyumbani, tena tele, kinachotakiwa ni kuvuka tu. Akaomba chai.

Akapewa chai. Haikuwa na mchaichai.

*

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya harusi, Bi Mahbouba alichukua sinia, akatandika juu yake kitambaa cheupe, akatoka kwa mlango wake wa njiani akenda kusimama kwenye mlango wa pili. Tangu ukuta ujengwe hajaingia. Angeweza kutuma mtu. Aliona kuwa aibu ikiwa yako uibebe mwenyewe.

"Hodi."

"Karibu, mama Aliya, karibu," Wadha akasema kwa Kiswahili. Kiswahili chake alikiokota kwa kusikiliza ukutani, kwa hiyo kilikuwa kimekatika katika, kama maneno yenyewe yalivyopita kwenye matofali.

Ukuta ulikuwa mweupe tangu kiunoni mpaka juu. Matumba yalisimama kwenye saruji bila ya kikonyo, yamefumba, yakingoja magharibi. Bi Mahbouba akayatazama yote. Alilijua kila moja. Alijua samadi aliyolitilia, na kanga aliyolifunikia, na udhu aliolinyweshea.

"Haya yangu, bibiye," akasema. Hakupandisha sauti.

Wadha hakukasirika. Alikuwa msichana mwenye haya, na lile jambo alikwisha kulifikiri.

"Naam," akasema. "Maua zako. Ukuta yangu."

Wakasimama pale wote wawili. Wadha akaenda ndani akaleta kigoda, akakiweka chini ya ukuta, akakishika kisiyumbe, na Bi Mahbouba akapanda akaanza kuchuma. Kila tumba likitoka liliacha tundu dogo, bichi, kama la msumari uliong'olewa. Alichuma kwa ncha za vidole, kama inavyotakiwa, pasina kuminya, na Wadha alipokea kwa sinia. Wadha akamuuliza kwa nini yanachumwa yangali yamefumba. Bi Mahbouba akamwambia yakichumwa wazi hufa mkononi. Wadha akalirudia lile neno, mkononi, apate kulishika.

Sinia lilipojaa wakaketi kwenye mkeka. Bi Mahbouba akatunga pale pale, kwani mwanga wa kwake umeshaondoka na wa Wadha bado. Alitunga shada la kichwa la Aliya, na la shingo. Akachuma rehani kizingitini akafunga kikuba kwa utepe wa ukuti, akakaza, akakinyoosha. Kikuba kilikuwa kizuri. Mamake angekigeuza geuza asione ila.

Wadha alikitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama mama Aliya anaweza kumfungia na yeye kimoja.

Bi Mahbouba akasema vikuba huwekwa usiku wa mume. Leo usiku wa nani?

"Leo dor yako," Wadha akasema, na usoni hapana hila hata kidogo. "Lakini atapita. Siku zote anapita kwanza hapa, ndiyo anakuja kwako."

Nje mtu alikuwa akiwapitisha mbuzi. Bi Mahbouba aliwasikiliza mpaka wakaisha. Alilifahamu jambo moja, kwamba neno alilolitoa barazani siku ile lilichukuliwa lote, zamu ya maji na zamu ya mume, na kwamba huyu mtoto aliyekaa mbele yake hakujua kwamba zipo mbili. Aliangalia mikono yake. Ilikuwa imekwisha kuokota ukuti mwengine.

Alimfungia. Alichagua matumba makubwa akayaweka nje, madogo ndani, rehani katikati, akakaza sawasawa, kwa sababu hakujua namna nyengine ya kufunga, na kwa sababu maua hayana kosa. Alimwonesha pa kukichomeka, kushoto, chini ya shela, kisidondoke. Akasema bismillahi alipokichomeka. Wadha akamshukuru kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili.

*

Harusi ilifana. Wanawake walikuja kutoka Nizwa, Ibra, Sur na Maskati, wakala biriani, wakapiga vigelegele mpaka wakapwewa sauti. Walimbusu Aliya, wakainama, wakanusa, wakafumba macho. Mmoja wao, mtu mzima wa Mtendeni, aliyepakana nyumba na mamake Bi Mahbouba, akageuka na machozi.

"Asumini ya wapi hii, Mahbouba?"

"Ya uwani kwetu," Bi Mahbouba akasema.

Wadha alikuwa amekaa karibu na mlango, ana kikuba cha jana, kimeanza kugeuka rangi. Bwana Hilali alikuwa nje na wanaume, akipokea pongezi, naye hakuwa na wasiwasi wowote.

Aliya akapelekwa kwa mumewe Ibra. Nyumba ikawa kimya. Desemba ikaingia na baridi ya mlimani, na kwa watu wengine maua yakakoma. Wakakata, wakachimbua, wakapanga makopo ya mwakani. Bi Shukriya aliung'oa ule mti wa miba, mumewe amechoka kutafuta mfuniko wa tangi. Jumatatu zilikuja zikenda, mzee Marhoun akifungua na kufunga kwa saa yake. Hapana aliyesema neno lolote juu ya dor.

Alasiri moja Bi Mahbouba alitia udhu juu ya beseni. Akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, akatoa shahada. Kisha akalibeba beseni mpaka pembeni, akayamimina maji kidogo kidogo kwenye shina la mwasumini wake, mpaka tone la mwisho, akisubiri udongo unywe kabla ya kuongeza.

Upande wa pili wa ukuta alimsikia Wadha akisogeza kigoda.